Roboti isiyoweza kwenda ubavu hufikaje pembeni?

Swali: Nina roboti ya magurudumu mawili. Hali yake naieleza kwa x, y na pembe θ. Amri ni mbili tu: kasi ya kwenda mbele au nyuma, na kasi ya kugeuka. Nilirahisisha milinganyo yake kuwa ya mstari pale inaposimama, nikatumia kigezo cha Kalman, kinachopima kama mfumo wa mstari unadhibitika, ranki (idadi ya pande huru ambazo amri zinaweza kuzifikia) ikatoka 2 badala ya 3. Ina maana haidhibitiki, na kumbe kwa rimoti naiegesha popote nitakapo. Nimekosea wapi?

Jibu: Hesabu yako iko sawa, ndugu. Kilichopotea kilipotea mapema, ulipoifanya milinganyo kuwa ya mstari: ulitupa namna amri hizo mbili zinavyoathiriana, na humo ndimo mwendo wa ubavu ulimofichwa.

Jaribu hivi. Roboti iangalie upande wa x. Isogeze mbele mita 0.1, igeuze kushoto radiani 0.1, irudishe nyuma mita 0.1, kisha igeuze kulia radiani 0.1. Kila amri umeitengua, lakini roboti hairudi ilipoanza. Itakuwa imehamia kulia kwa karibu sentimita 1, na mbele nusu milimita tu. Ukitumia 0.01 badala ya 0.1, itahamia kulia milimita 0.1: hatua umeipunguza mara kumi, uhamaji umepungua mara mia. Ndiyo maana hesabu ya mstari haiuoni kabisa.

Mabano ya Lie, yaani hesabu inayolinganisha amri mbili zikitekelezwa kwa mpangilio mmoja na kwa mpangilio wa kinyume, hupima tofauti hiyo hasa. Chukua f = (cos θ, sin θ, 0), mwelekeo wa amri ya kwenda mbele, na g = (0, 0, 1), wa amri ya kugeuka. Mabano yao ni (sin θ, −cos θ, 0), yaani mwelekeo wa ubavu. Vekta hizo tatu zinajaza pande zote tatu za hali yako, popote roboti ilipo. Kwa mfumo kama huu, usiosogea bila amri na unaoweza kurudi nyuma, nadharia ya Rashevskii (1938) na Chow (1939) inatosha kuthibitisha kwamba utafika popote. Chombo chenye mwendo wake chenyewe, kama ndege isiyoweza kurudi nyuma, kinahitaji uangalifu zaidi.

Sasa nikuonye, maana hapa wengi hupoteza miezi. Usihangaike kutafuta kanuni ya mrejesho (inayochagua amri kwa kuangalia hali ya roboti) iliyo laini, yaani isiyoruka ghafla, na isiyotegemea saa, ya kuituliza roboti kwenye nukta moja. Haipo. Mwanahisabati Brockett alionyesha mwaka 1983 kwamba kanuni ya aina hiyo inadai kasi zote ndogo, za kila upande, zipatikane karibu na nukta hiyo. Roboti yako haiwezi kutoa (0, ε, 0), yaani kasi ndogo ε ya upande wa y peke yake: bila kugeuka, na kasi ya x ikiwa sifuri, θ ikiwa karibu na sifuri, inabaki imesimama. Tumia mrejesho unaobadilika kwa wakati, ambao mwanahisabati Coron alithibitisha mwaka 1992 kuwa unatosha kwa mifumo ya namna hii, au kanuni inayoruka kutoka amri moja hadi nyingine. Mimi ningeanza na ule wa wakati.