Kromiamu ipi ukiwa umeacha ugali

Dada uliyeuliza ununue vidonge gani vya madini ya kromiamu, vya pikolineti au vya polinikotineti, maana umeacha ugali na viazi upunguze uzito, mi naona usiumize kichwa. Pikolineti inafyonzwa vizuri kidogo kuliko kloridi, aina nyingine ya kromiamu, ila zote mwili unachukua kidogo mno, hata asilimia 3 haifiki, na hiyo polinikotineti ni kromiamu iliyofungwa na niasini (vitamini B3) basi, halafu kwenye uzito hata pikolineti iliyopimwa sana anayeimeza anapungua kama kilo 1 tu zaidi ya asiyeimeza. Ila mama uliyesema anameza metformini, dawa ya kisukari, asiguse kromiamu kabla ya kumuona daktari, tafadhali sana, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Hela hiyo shuka sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kanunue mayai, maparachichi na brokoli, brokoli yenyewe ina kromiamu.