Milima na maziwa ya Highlands, nyanda za juu za Scotland, wakati wa theluji: jibu kwa anayekwenda Januari na kamera yake

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba utakuwa Glasgow kikazi mwanzoni mwa Januari, kwamba utapata siku tatu za mapumziko, na kwamba kwa kuwa ulishafika kilele cha Kilimanjaro unadhani Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Scotland lakini wenye mita 1,345 tu, hautakusumbua. Nimeishi Glasgow miaka tisa na karibu kila majira ya baridi huenda kaskazini kupiga picha, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia mwenyewe, nikianza na hilo la kilele kwa sababu ndilo linaloweza kukugharimu.

Usiende kileleni. Kilimanjaro uliupanda ukiwa na mwongozaji, wapagazi, mpishi na njia inayokanyagwa na watu kila siku, na kilichokutesa zaidi kilikuwa uhaba wa hewa. Ben Nevis hauna shida ya hewa. Shida yake ni kwamba unaanza kuupanda karibu usawa wa bahari, njia yake huko juu huzikwa na theluji, na wingu likishuka huwezi kutofautisha ardhi na anga, ilhali pembeni mwa tambarare ya kilele kuna magenge ambayo theluji imejenga juu yake ukingo unaoning'inia hewani bila kitu chini. Wanaokwenda huko wakati wa baridi hutembea kwa dira, wakiwa na shoka la barafu mkononi na vyuma vyenye meno vilivyofungwa viatuni, na wamejifunza kuvitumia kabla ya siku hiyo. Upepo nao si wa kufanyia mzaha: juu ya Cairn Gorm, mlima mwingine wa Highlands, tarehe 20 Machi 1986, ulipimwa upepo wa kilomita 278 kwa saa. Na hata ukifika salama, mara nyingi utakachopiga picha ni weupe mtupu. Picha zangu zote ninazozithamini nilizipiga nikiwa bondeni, nyingine hatua mia mbili tu kutoka barabarani.

Sababu ya hayo ni mwanga. Mwanzoni mwa Januari jua la huko huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 10 hivi juu ya upeo, wakati Dar es Salaam mwezi huohuo hupita nyuzi 70. Maana yake ni kwamba ule mwanga wa dhahabu ambao nyumbani tunaupata katika dakika arobaini za mwisho kabla ya magharibi, kule unakaa nawe mchana kutwa, mradi mawingu yaridhie. Lakini jua likiwa chini hivyo, mlima wowote ulio kusini mwako unalizuia. Katika bonde la Glencoe, kwa mfano, sehemu kubwa ya sakafu ya bonde hukaa kivulini wakati vilele vya juu vinawaka, na mgeni asiyejua hilo hushangaa kwa nini picha yake ni nusu buluu na nusu chungwa.

Safari yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilipanga sehemu nne zilizo mbalimbali, Loch Lomond, Glencoe, Glenfinnan na Loch Ness, kwa siku moja, nirudi Glasgow kulala. Barabara zilikuwa na barafu, kila mahali nilishuka garini dakika tano na kupanda tena, na nilipofika Loch Ness giza lilikuwa limeshaingia kiasi kwamba nilipiga picha ya taa za gari langu mwenyewe. Tangu hapo huchagua eneo moja, na nikishafika sihami.

Sasa kuhusu maji yenyewe. Neno «loch» litamkwe kwa kh ileile ya kheri na khofu. Waingereza wengi husema «lok», na hapo sisi tunawapita bila jasho. Usilitafsiri moja kwa moja kuwa ziwa, kwa maana nyingine ni ziwa kweli na nyingine ni hori la bahari. Loch Leven iliyo chini ya Glencoe na Loch Etive ni maji ya chumvi yanayojaa na kupwa, kwa hiyo mtu wa pwani atajikuta nyumbani: angalia jedwali la maji kabla ya kwenda, la sivyo utakuta matope na mwani pale ulipotarajia kioo. Loch Ness kwa upande wake ni maji baridi lakini yana kina cha zaidi ya mita 200, na wingi huo wa maji hutunza joto kiasi kwamba haigandi. Ukitaka barafu, nenda kwenye vidimbwi vyenye kina kifupi vya Rannoch Moor, uwanda wa kinamasi, ambavyo huitwa «lochan», yaani loch ndogo. Ukitaka milima iliyojitazama majini, tafuta loch yenye kina siku isiyo na upepo, nawe uwahi, kwani upepo huamka.

Mojawapo, iitwayo «Lochan na h-Achlaise», iko kando kabisa ya barabara ya A82, upande wa magharibi, na nyuma yake imesimama milima ya Black Mount. Ukisimama ukingoni alfajiri jua linachomoza mgongoni mwako na kuangukia vilele hivyo. Nilifika pale mara moja gari likinionyesha nyuzi 9 chini ya sifuri. Maji yalikuwa yameganda, kisha kina kikashuka kidogo, hivyo barafu ya ukingoni ilikuwa imebaki juu kama paa jembamba, na kila ubua wa nyasi uliopenya humo ulikuwa umevaa ukosi wake mdogo wa barafu, na kati ya ukosi na ubua kulikuwa na tundu linalopitisha pumzi ya maji. Nililala kifudifudi, lenzi ikiwa shubiri moja kutoka kwenye ubua mmoja. Barafu ilikuwa ikilia kwa mbali, sauti kama waya wa simu unaopigwa na jiwe. Uwekundu ulianza kwenye ncha ya mlima mmoja, ukateremka polepole kama maji yanayolowesha kitambaa, na kabla dakika kumi hazijatimia ulikuwa umekwisha. Niliporudi nyuma kwa furaha nilikanyaga theluji iliyoficha udongo mweusi wa mimea iliyooza, ambao hushika maji kama sifongo, nikazama hadi gotini. Nakueleza hili ili ubebe soksi za akiba, na upime kila hatua kwa mguu wa tripodi, ile stendi ya kamera yenye miguu mitatu, kabla ya kuweka uzito wako.

Kwa upande wa kamera, jambo la kwanza ni kwamba mita yake ya mwanga hukisia kwamba kila inachokiona ni cha rangi ya kijivu ya wastani, kwa hiyo theluji hutoka kama majivu ya jikoni. Ongeza mwangaza kwa stopu moja (yaani mwanga maradufu) hadi moja na theluthi mbili, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha, kuhakikisha weupe haujaungua. Betri hudhoofika upesi kwenye baridi. Mimi hubeba tatu, mbili zikiwa mfuko wa ndani karibu na mwili, na ile iliyokufa mara nyingi hufufuka kidogo ikishapata joto. Kosa la wengi hutokea jioni, wanapoingia na kamera baridi ndani ya chumba chenye moto, na unyevu unaigandia nje na ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ungali nje, uiache humo saa mbili au zaidi.

Mavazi yasiwe ya pamba, maana pamba ikilowa haikauki. Kila jioni soma utabiri wa Scottish Avalanche Information Service, ambao wakati wa baridi hutoa tahadhari ya maporomoko ya theluji kwa maeneo sita, Glencoe likiwamo. Hata asiyepanda mlima anapaswa kujua asisimame chini ya mteremko upi. Simu mara nyingi haishiki mtandao, kwa hiyo mwachie mtu wa hotelini maandishi ya unakokwenda na saa ya kurudi. Likitokea la kutokea, piga 999, omba polisi, kisha uwaambie unahitaji waokoaji wa milimani.

Umeuliza pia kama siku ya mawingu ni siku iliyopotea. Hapana. Siku hiyo nenda mwanzo wa barabara ya Glen Etive, mahali mto Coupall unapoanguka juu ya miamba mbele ya Buachaille Etive Mòr, mlima ambao jina lake la Kigaeli maana yake ni mchungaji mkuu wa Etive. Mwamba wake ni mweusi, theluji imejaa kwenye nyufa tu, na chini ya anga la kijivu huhitaji rangi yoyote. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, kwenye nusu sekunde ili maji yawe laini, na ufute lenzi kila baada ya picha mbili, kwa sababu rasharasha za mto huganda juu yake.