Nikikimbia mdomo unakauka na pumzi inakata, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kocha. Mi ni dada wa miaka 31, nilikuwa Dar napiga joging kilomita 5 ufukweni bila shida, mwezi wa 5 nikahamia Mbeya kikazi na toka nifike huku hata dakika 4 simalizi, mdomo unakauka mpaka ulimi unagandia juu, mate mazito kama gundi, na kifua kinachoma. Wenzangu wanasema nimezeeka. Au mapafu yangu yana tatizo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wasikutishe. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na wewe umetoka baharini kwenyewe, hewa ya huku ni nyepesi, kila pumzi inakuingizia oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea, halafu umefika na baridi yake, asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 hewa ni kavu sana wakati ya Dar ina unyevu. Pua kazi yake ni kuipasha hewa moto na kuilowanisha, sasa ukianza kuhema kwa mdomo mate yote yanaondoka na hewa.

Kosa naloliona ni spidi, unakimbia Mbeya kwa spidi ya Dar. Punguza mpaka uweze kumsimulia mtu stori bila kukatika maneno, ukishindwa tembea. Anza kukimbia dakika 2, tembea 1, rudia mara 8, wiki tatu nne mwili utazoea wenyewe. Dakika 10 za kwanza jitahidi uvute kwa pua, ukizidiwa tumia na mdomo, hamna dhambi. Asubuhi ya baridi funga kitambaa chepesi puani na mdomoni, utahisi mwenyewe hewa inavyoingia ya uvuguvugu.

Maji kunywa glasi moja kama saa nzima kabla, njiani sukutua na umeze kidogo. Pipi au bablishi mdomoni naomba usiweke kabisa, ukiwa unahema inaweza kukupalia. Na ile barabara kuu ya malori ya Zambia achana nayo, moshi ule na kifua kinachohema wapi na wapi, ingia njia za ndani.

Ila kama ukishasimama kifua kinabana, unatoa mluzi au unakohoa kikohozi kikavu, hiyo inaweza kuwa pumu inayoamshwa na mazoezi, ina dawa ya kuvuta na watu wanakimbia nayo vizuri tu. Kama hedhi yako ni nzito pima na wingi wa damu, damu ikipungua pumzi inakata hivyo hivyo. Kizunguzungu au maumivu ya kifua yakija unakimbia, simama hapo hapo na siku hiyo hiyo nenda hospitali, umweleze daktari yalianza dakika ya ngapi na yalichukua muda gani kuisha.