Vidonge vya usingizi havimnyamazishi bosi

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni karani wa stoo kwenye kampuni moja hapa Kigoma mjini. Tangu mwaka jana tuna meneja mpya. Ananigombeza mbele ya vibarua, amenitoa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, halafu ananiuliza mbele za watu kwa nini sijui kinachoendelea. Silali. Ikifika Jumapili jioni moyo unakwenda mbio. Rafiki alinipeleka duka la dawa nikapewa Valium. Nilianza na kimoja, sasa mwezi wa tatu nameza viwili na bado naamka saa nane usiku. Mama mkwe anasema nimerushiwa kitu, twende kwa mtaalamu. Je, nipandishe hadi vitatu au nibadilishe dawa? Karani, Gungu.

JIBU: Marahaba, dada. Usipandishe, na usibadilishe kwa kuuliza dukani. Wala usiache vyote kwa mkupuo baada ya kusoma hapa. Aliyemeza Valium kila usiku kwa miezi mitatu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kukesha kuliko mwanzo, hata kupata degedege. Dawa hiyo hushushwa kidogo kidogo, daktari akifuatilia.

Maswali kama lako napata mengi, na karibu yote yanauliza idadi ya vidonge. Meneja anatajwa kwa kupita tu. Watu wameshaamini kwamba ugonjwa ni kukosa usingizi, kwa hiyo usingizi ukirudi wamepona. Sivyo hata kidogo! Mwili wako unajua kesho asubuhi kuna mtu atakudhalilisha, nao unajiandaa: mapigo yanapanda, misuli inakaza, tumbo linavurugika, akili inarudia maneno ya Ijumaa. Maandalizi hayo ni ya dakika chache, ya kumkimbia nyoka. Wewe unaishi nayo tangu mwaka jana.

Valium, yaani diazepamu, huyazima maandalizi hayo kwa saa chache. Ubongo unaizoea, ndiyo maana kimoja kimekuwa viwili. Na kuna jambo ambalo nina hakika dukani hukuambiwa: asubuhi dawa hiyo bado imo mwilini. Masalia yake hukaa siku kadhaa, na ukimeza kila usiku yanarundikana. Unafika stoo kichwa kizito, unaandika mifuko 140 ya saruji badala ya 104, na meneja aliyekuwa akikusingizia uzembe sasa ana leja mkononi. Wapo wagonjwa wangu walioonewa hivyo, wakaishia kuwa na makosa ya kweli kwenye faili.

Mama mkwe msalimie, anakutakia mema. Ugomvi wangu ni na huyo mtaalamu. Mabango yao yamebandikwa kwenye nguzo za umeme: kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kumfunga bosi mdomo. Sisi wa Kigoma tunataniwa nchi nzima kwa uganga, na tunacheka. Sicheki mgonjwa anapokuja ameshauza mbuzi, tena ameambiwa mbaya wake ni mwenzake wa meza ya pili. Mara nyingi huyo ndiye pekee ambaye angemtolea ushahidi, na sasa hawasalimiani.

Nenda Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, ulizia kliniki ya afya ya akili. Wapime presha, damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyozidi kufanya kazi navyo huleta mapigo ya mbio. Kisha waangalie sonona: huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kujiona hufai. Ikiwepo, kuna ushauri nasaha na kuna dawa zake, ambazo huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi. Ukianza kuwaza kufa, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, na mtu wa kukusindikiza.

Kazini, andika kila tukio: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Peleka malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Usijiuzulu kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humhesabu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike kuwa ameachishwa, lakini shauri linatakiwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na utaulizwa kwanza ulilalamika wapi.

Sasa nyie wauza dawa. Diazepamu ni dawa ya cheti. Mnaihesabu na kuifunga kwenye karatasi ya daftari bila jina, mgonjwa akija kwangu nikimuuliza anatumia nini, ananijibu "vile vidogo vya njano". Nitajuaje?

Na wanaume, ambao hamniandikii kabisa: najua wapo wanaomezea kidonge kwa gongo ili wasahau ya kazini. Vitu hivyo viwili kwa pamoja hufifisha pumzi, na mtu anaweza asiamke. Kama ndivyo unavyolala, wahi hospitali, uwaambie ukweli wa vyote viwili kabla hujapunguza chochote, maana pombe ya kila siku nayo haikatwi ghafla.