Mkanda unapigwa, nani atausafisha?

Mmeuliza wiki hii kama kijana ana sababu ya kupiga picha kwa kamera ya mkanda wakati simu anayo mfukoni. Sababu anazo, na wanaoziita zote mbwembwe sibishani nao. Kinachoniuma ni kwamba kila anayesifia mkanda husifia kamera. Fundi wa kusafisha hatajwi.

Nimekulia Tanga, na likizo za shule nilikuwa namsaidia baba mdogo studio kwake. Idi pili moja akaja mzee wa makamo, kamera mkononi, jasho linamtoka. Mtoto alikuwa amefungua mfuniko wa nyuma mkanda ukiwa bado ndani, na humo alikuwamo mama wa huyo mzee amekaa na wajukuu wote. Wengine walisharudi makwao bara. Fundi mwingine mjini alimwambia autupe. Baba mdogo alimuuliza jambo moja tu: mfuniko ulikaa wazi kwa muda gani?

Mwanga ukiingia, huunguza zaidi mizunguko ya juu ya mkanda. Ya ndani yaweza kupona. Tukaingia chumba cha giza. Watu hudhani mle huwaka taa nyekundu muda wote, kumbe taa ile ni ya kuchapia karatasi. Mkanda wenyewe hutiwa kwenye tangi gizani kabisa, kwa kupapasa. Mimi nilishatumwa barafu, maana dawa ya picha nyeusi na nyeupe hutaka nyuzi 20 na maji ya bomba la Tanga ni ya moto kuliko hapo. Dawa ya kutokeza picha, maji, dawa ya kuikaza, kisha kusuuza kwa muda mrefu, baba mdogo hasemi neno. Tulipoutundika, picha zilizopigwa mwisho zilikuwa nyeusi tii. Kadiri tulivyorudi nyuma weusi ukapungua, hadi tukamfikia bibi na wajukuu wake, ukingo mmoja tu umeungua. Yule mzee aliagiza nakala kwa kila mtoto.

Studio hiyo ya baba mdogo leo inatoa picha za paspoti kwa printa. Unguja, Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 tunaitaja kwa fahari, na ni haki, lakini picha zile za zamani zisingetufikia bila watu waliojua dawa. Mpwa wangu wa Dar ana mikanda ya rangi kwenye friji inayosubiri msafiri wa Ulaya aipeleke kusafishwa, na mashine mpya za CT, zile za kukagua mizigo kwa eksirei kwenye viwanja vya ndege, huweza kuiharibu kabla haijaonja dawa.

Nilipokaa kuandika nilitaka kusema ndiyo, bila masharti. Sasa naona mkanda wa rangi, hapana, labda uwe mahali penye mashine ya kusafishia inayofanya kazi kila siku, kwa sababu dawa yake hutaka nyuzi 38 karibu kamili na ikiyumba rangi nazo huyumba. Nyeusi na nyeupe, ndiyo, ila nunua tangi na dawa kabla ya kamera, na umtafute mzee aliyewahi kufanya kazi ya chumba cha giza akufundishe angali na nguvu, tena umlipe. Harusi ya dada yako, hata hivyo, ipige na kwa simu pia.