Kabla Hujamtoa Samaki Mwambani kwa Ajili ya Tangi Lako

Msomaji mmoja wa Mtwapa, pwani ya Kenya, ameniandikia. Ana tangi la lita 120 sebuleni, maji yameshatulia, na sasa anauliza: bahari ikikupwa siku za bamvua, kuna ubaya gani akijichukulia anemoni moja (mnyama laini anayejishika mwambani), samaki wawili wanaoishi ndani yake, na samaki mmoja mdogo wa buluu aitwaye kangaja? Wavuvi wanajaza ndoo, anasema, yeye anataka wanyama wanne tu.

Najibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wenu mnataka hicho hicho: kipande cha mwamba kilicho hai ndani ya nyumba. Nami nakitaka kama nyinyi. Lakini orodha yake siikubali.

Anza na anemoni. Zile kubwa zinazobeba samaki huishi miaka mingi na hukua polepole, kwa hiyo iliyong'olewa leo haizibiwi pengo upesi. Mguu wake umejibana ndani ya ufa wa jiwe. Ukivuta, unachanika chini, mahali usipopaona. Siku chache baadaye mchaniko unaoza, anemoni inayeyuka na maji yote ya tangi yanageuka sumu. Hata ikitoka nzima, inategemea mwani mdogo sana unaoishi mwilini mwake, nao unataka mwanga mkali kuliko taa za kawaida za tangi. Bahari ilipopata joto kali mwaka 1998, na tena 2016, anemoni zilipoteza mwani huo zikapauka, pamoja na matumbawe ya pwani yetu. Ukiiona dukani nyeupe pee, usiisifu uzuri. Ile ni mgonjwa.

Samaki wake je? Katika kila anemoni, samaki aliye mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume, na waliobaki ni wadogo wasiozaa. Ukimchukua jike, dume hugeuka jike na mmoja wa wadogo hupanda cheo kuwa dume. Hayo huchukua muda, na muda huo wote hakuna mayai. Ukichukua wote wawili umefunga nyumba ya uzazi. Na huna haja hiyo: Amphiprion ocellaris, mmoja wa samaki hao wa anemoni, amezalishwa kwenye matangi kwa miongo kadhaa, anakula chakula cha punje tangu utotoni, na anaishi vizuri bila anemoni yoyote. Jozi moja inatosha kwa lita 120.

Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, hufika sentimita 30 hivi na ni mwogeleaji wa mbali. Tangi lako ni kifungo kwake. Chuo Kikuu cha Florida kilifanikiwa kumzalisha mwaka 2016, lakini wengi wanaouzwa bado wanatoka baharini. Wadogo wake hujificha ndani ya matawi ya matumbawe, na mzamiaji mwenye haraka hulivunja tawi zima amkung'ute. Tawi hilo limechukua miaka kukua.

Sasa msinielewe vibaya. Kuvua samaki wa mapambo si dhambi yenyewe. Mzamiaji wa Kilifi au Shimoni anayetumia wavu mdogo, akampata samaki mmoja aliye hai na kulipwa vizuri, ana sababu ya kuulinda mwamba. Samaki aliyezalishwa Florida hamwachii mzamiaji huyo hata shilingi. Tatizo liko kwenye namna ya kulipa. Mara nyingi analipwa kwa samaki aliyekubaliwa tu; aliyechanika pezi anakataliwa, hasara ni yake, basi kesho anavua wa ziada kufidia. Biashara ikiachwa hivyo, watu wa pwani ndio wa kwanza kuona. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wanakijiji waliamua kufunga takriban hekta 30 za bahari yao mwaka 2005, na uchukuaji holela wa samaki wa mapambo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma.

Kuna pia wanyama ambao hesabu yao haikubali kabisa. Pterapogon kauderni, samaki mdogo wa visiwa vya Banggai, Indonesia, dume lake hutunza mayai kinywani na kuwaachia watoto palepale walipozaliwa. Hawapeperushwi na mkondo kama watoto wa samaki wengine, kwa hiyo mahali palipomalizwa hapajazwi na jirani. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimtaja kuwa hatarini kutoweka mwaka 2007. Yeye naye huzaa ndani ya tangi, basi wa mwituni wa nini? Wengine ni wa kuachwa kwa sababu ya tumbo: vitatange wanaokula matumbawe peke yake watakufa njaa mbele ya macho yako, chakula kimejaa majini.

Ukienda kwa muuzaji, uliza alivuliwa wapi, kwa kifaa gani, kina gani. Asiyejua, ondoka. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Kisite, Watamu au Malindi hakuna ruhusa ya kuchukua kitu. Farasi wa bahari, matumbawe magumu na makome makubwa ya Tridacna wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hawavuki mpaka bila kibali. Uliza kina kwa sababu hii: gesi iliyo kwenye kibofu cha kuelea cha samaki katika mita 20 hutanuka mara tatu akifika juu. Akipandishwa mbio, utamwona anaelea kichwa chini, tumbo limevimba, macho yamemtoka. Mzamiaji mwema humpandisha kwa vituo. Wa sainaidi humpulizia sumu kwa chupa ya plastiki ili alewe. Huua matumbawe ya jirani, na samaki mwenyewe anaweza kufa wiki kadhaa baadaye, ameshalipiwa. Usilipe kabla hujamwona akila dukani, mara mbili, siku mbili tofauti.

Kumfikisha nyumbani ndiko wengi wanakoua. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa anayotoa samaki huyatia maji uasidi, na katika hali hiyo amonia iliyorundikana, uchafu anaotoa samaki, haina ukali. Ukifungua tu, hewa ile inatoroka, uasidi unapungua (pH inapanda), na amonia inageuka sumu ndani ya dakika chache. Kwa hiyo aliyesafiri saa nyingi usimdondoshee maji ya tangi kwenye mfuko wazi kwa saa mbili. Acha mfuko uelee kwenye maji ya tangi ukiwa umefungwa, dakika 20, joto lilingane. Pima haraka chumvi ya maji ya mfuko, rekebisha maji ya tangi la karantini yalingane nayo, mhamishe samaki na umwage maji ya safari. Karantini ni tangi la lita 60, filta ya sponji, hita, vipande vya bomba la plastiki ajifiche. Bila mchanga, kwa sababu mchanga hunyonya dawa ya shaba. Mkalishe wiki nne hadi sita, na pima amonia kila siku wiki ya kwanza. Mnaoruka hatua hii mnaniuma sana, kwa sababu kila anayekufia kwa ugonjwa wa vidoa vyeupe, unaagiza mwingine, na huyo mwingine anatoka mwambani.

Na samaki aliyekushinda usimrudishe baharini, hata kama ni wa pwani hii hii. Amekaa na wanyama wa bahari nyingine na amebeba magonjwa yao. Pterois, samaki wenye miiba ya sumu wa bahari za Hindi na Pasifiki, wanaoaminika kuachiwa Florida, sasa wameenea Karibi yote wakila samaki wa huko. Mtafutie mwenye tangi kubwa zaidi, au mrudishie aliyekuuzia, bure.