Maswali ya Wasomaji: Sensa ya EGR Imebadilishwa, Taa Bado Inawaka

SWALI: Ndugu Mjibu Maswali, ninaishi Soweto, Moshi, na kazi yangu iko Arusha, kwa hiyo gari langu hupita barabara hiyo karibu kila siku. Ni gari la dizeli lenye injini ya lita 3, na liliingia nchini likiwa limekwisha kutumika Japani. Mwezi uliopita taa ya injini iliwaka, gari likawa zito kupanda milima na likaanza kutoa moshi mweusi. Gereji moja ililipima kwa kompyuta ikapata namba P0405, nami nikaambiwa kwamba sensa ya EGR (kifaa cha kupimia kwenye mfumo unaorudisha moshi wa eksozi kwenye injini) imekufa na kwamba haiuzwi bila valvu yake. Nililipa shilingi 420,000 kwa valvu ya mtumba, taa ikafutwa, nikaendesha kwa amani siku tatu. Siku ya nne, baada ya kuosha gari, taa ikawaka tena kwa namba ile ile. Je, niliuziwa kitu kibovu? (Mama wa watoto wawili, Moshi)

JIBU: Mama, pole kwa gharama na usumbufu. Kabla ya kurudi kwa aliyekuuzia valvu, tutazame barua yako vizuri, kwa sababu maneno yaliyonivuta zaidi si ile namba bali ni haya: “baada ya kuosha gari”. Valvu imebadilishwa pamoja na sensa iliyomo ndani yake, na kosa limerudi lile lile. Kitu cha kushukiwa kwanza, basi, ni kile ambacho hakikubadilishwa, nacho ni plagi ya waya (kiunganishi kinachochomekwa kwenye sensa) na waya zenyewe.

Namba P0405 haisemi kwamba sensa imekufa, ingawa gereji nyingi huisoma hivyo. Inachosema ni kwamba umeme unaoifikia kompyuta ya gari kupitia waya wa taarifa wa sensa hiyo uko chini ya kiwango kidogo kabisa ambacho kompyuta inakikubali. Mwenzake, P0406, husema kwamba umeme huo uko juu kupita kiasi. Kompyuta imekaa mwisho wa waya kama mtu anayesikiliza simu: sauti ikikatika hajui kama aliyekuwa akizungumza amezimia, salio limemwishia, au mnara umepata hitilafu. Sensa ikiharibika ndani, umeme unaweza kushuka, lakini waya wa taarifa ukichubuka na kugusa bodi utashuka vile vile, na hata volti zinazoilisha sensa zisipoifika matokeo yatakuwa hayo hayo. Waya ukikatika kabisa, baadhi ya kompyuta huandika P0405 na nyingine P0406, kutegemea zilivyoundwa.

Kwa faida ya wasomaji wengine, EGR ni mfumo unaochukua sehemu ya moshi wa eksozi (moshi wa kawaida, si mji wa Mama huyu) na kuurudisha kwenye njia ya hewa ya injini. Moshi huo hauna oksijeni nyingi, hivyo ukichanganyika na hewa safi hupunguza joto la mwako, na joto likipungua, gesi za oksidi za naitrojeni zinazoumiza mapafu hazizaliwi kwa wingi. Kiasi cha moshi kinachorudi hupimwa kwa valvu ambayo kompyuta huifungua na kuifunga, na sensa iliyo juu ya valvu hurudisha taarifa kwamba mlango umefunguka kwa kiasi gani. Katika magari mengi sensa hiyo ina waya tatu: mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa pili ni ethi (waya hasi), na wa tatu hurudisha taarifa.

Waya hizo tatu hupimwa kwa testa ya kawaida inayoonyesha volti, ile ile wanayotumia mafundi redio, na kazi yote haimalizi nusu saa. Fundi wako achomoe plagi ya sensa, awashe swichi bila kuwasha injini, kisha apime kutoka kwenye waya wa kulisha hadi kwenye kichwa hasi cha betri. Aone volti 5 au karibu sana na hapo. Akiona 2 au sifuri, asiguse valvu, kwa sababu hakuna sensa inayoweza kufanya kazi bila chakula chake. Katika injini nyingi volti 5 hizo hugawanywa kwa sensa kadhaa kutoka chanzo kimoja, kwa hiyo sensa nyingine kabisa yenye hitilafu ya ndani inaweza kuziangusha zote. Dalili yake ni namba tatu au nne za makosa ya sensa mbalimbali zinazojitokeza kwa pamoja, na ndiyo maana huwa sipendi fundi anayefuta namba zote kabla ya kuziandika kwenye karatasi.

Chakula kikiwapo, apime ethi kwa kuweka testa kati ya waya huo na kichwa hasi cha betri. Namba ikaribie sifuri. Kisha kuna jaribio moja ambalo halifanywi na wengi, na ndilo linalotenganisha sensa na waya bila ubishi: plagi ikiwa bado imechomolewa, fundi aunganishe waya wa volti 5 na waya wa taarifa kwa kipande cha waya chenye fyuzi ndogo, huku akitazama namba ya nafasi ya valvu kwenye mashine inayosoma kompyuta ya gari. Ikiruka hadi karibu volti 5, waya ni mzima na kompyuta inasikia, na mkosaji ni sensa au miguu yake ya plagi. Isiposogea, tatizo liko kati ya plagi na kompyuta, na hata ukinunua valvu kumi taa itarudi. Awe mwangalifu asije akauunganisha waya wa volti 5 na ethi, na kama hana mchoro wa waya wa gari lako asibahatishe kwa kufuata rangi.

Kwa gari lako ningeanza kwa macho kabla ya testa. Fungua boneti mchana, si jioni chini ya taa ya simu, uichomoe plagi na utazame ndani ya matundu yake. Ukiona unga wa kijani kwenye miguu ya shaba, au mpira wa kuzuia maji uliokauka na kupasuka, karibu umepata jibu, kwa kuwa wanaoosha magari kwa pampu ya presha huelekeza maji moja kwa moja kwenye injini na maji hayo hutafuta upenyo kwenye plagi zilizozeeka. Baada ya hapo fuata waya kwa vidole, sentimita kwa sentimita, hasa mahali unapopita karibu na bomba la eksozi au juu ya kona ya chuma. Joto la miaka mingi hulifanya ganda la waya kuwa gumu kama bua la mhindi, na mtikisiko wa barabara humalizia kazi. Wakati injini inanguruma, mtu mmoja atingishe waya taratibu na mwingine atazame mashine: ikiwa namba inadunda kutoka volti 0.8 hadi sifuri kila waya unaposhikwa mahali fulani, hapo ndipo pa kukata na kuunganisha upya. Wenye mashamba ya migomba waongeze panya, watafunao waya, kwenye orodha ya washukiwa.

Barua yako haisemi kama uzito wa gari na moshi mweusi vilirudi pamoja na taa, na hilo lina maana kubwa. Kama taa imerudi peke yake huku gari likipanda vizuri, basi ulikuwa na matatizo mawili: valvu ya zamani iliyokwama ikiwa wazi, ambayo ilikuwa ikiinyima injini hewa na kutoa moshi, na plagi au waya mbovu uliokuwa ukiandika P0405. Hapo pesa zako hazikupotea zote. Kama moshi umerudi pia, mwambie fundi aifungue valvu uliyouziwa aitazame ndani.

Valvu za injini za dizeli hushika masizi yanayochanganyika na mvuke wa oili na kugandamana kama ukoko wa sufuria ya ugali. Nilipata kufungua moja ambayo mlango wake wa kipenyo cha kidole gumba ulibaki na tundu lisilozidi punje ya harage. Sensa ya valvu ya namna hiyo inaweza kuwa nzima kabisa na ikasema kweli tupu: imeamriwa kufunguka, imekataa. Kompyuta huandika hali hiyo kwa namba nyingine, mara nyingi P0404, yaani nafasi ya valvu hailingani na amri, au P0401, yaani moshi unaorudi ni kidogo. Gari lenye P0401 kwa kawaida linahitaji kusafishwa njia zake, wala si sensa mpya. P0402 ni moshi unaorudi kupita kiasi, na mara nyingi ni valvu iliyoshindwa kufunga.

Njia nzuri ya kuthibitisha kama valvu inakwama ni kutumia mashine inayoweza kuiamuru valvu ifunguke injini ikinguruma. Valvu ikiwa imefungwa, waya wa taarifa wa sensa nyingi husoma kati ya volti 0.5 na 1. Ikifunguliwa kidogo kidogo, namba ipande bila kurukaruka kuelekea 4. Ikifika 1.6 ikasimama, kisha ikaruka ghafla hadi 2.5, mlango unakwaruza kwenye masizi. Wakati huo huo atazame sensa inayopima hewa inayoingia kupitia chujio: moshi ukiingia, hewa safi lazima ipungue, kwa sababu silinda haiwezi kubeba vyote viwili kwa ukamilifu. Kama sensa ya valvu inasema mlango umefunguka lakini hewa safi haipungui hata kidogo, mlango kweli umefunguka, ila njia iliyo mbele au nyuma yake imeziba. Katika injini ya petroli jaribio ni rahisi zaidi, kwani ukiifungua valvu sana injini ikiwa haikukanyagwa mafuta, itatetemeka au itazimika.

Fundi akiisafisha valvu, atumie dawa ya kusafishia kabureta na brashi laini, asiusukume mlango kwa bisibisi maana meno ya mota yake ni ya plastiki katika valvu nyingi, aweke gasketi mpya, na aifundishe kompyuta nafasi mpya ya kufunga kama gari linahitaji hivyo. Kuhusu valvu ya mtumba, linganisha namba iliyochongwa kwenye mwili wake na ile ya zamani. Kufanana kwa umbo hakutoshi.

SWALI: Shikamoo fundi. Ninakaa Njiro, Arusha. Fundi wangu anasema niachane na sensa na vipimo, nizibe EGR kwa kipande cha bati na tatizo litakwisha. Ni sawa? (Kijana wa Njiro)

JIBU: Marahaba, kijana. Katika gari la zamani lisilo na kompyuta bati lingekaa kimya. Katika gari la kisasa kompyuta itaamuru valvu ifunguke, itaona hewa safi haipungui, na itawasha taa kwa P0401. Umetoka kwenye kosa moja ukaingia kwenye jingine, na hilo la pili umelitengeneza mwenyewe. Nakubali kwamba njia ya hewa itabaki safi zaidi, hilo fundi wako hajakosea, lakini joto la mwako litapanda na zile gesi za oksidi za naitrojeni zitaongezeka, zivutwe na watu walio nyuma yako kwenye foleni. Zaidi ya hayo, ukishazoea kuendesha na taa ikiwaka, siku itakapowaka kwa sababu ya presha ya mafuta ya dizeli au tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) hutaiona. Pima kwanza zile waya tatu za sensa.

SWALI: Ndugu, mimi ni fundi mwenzako hapa Arusha. Nilipima sensa ya presha ya njia ya hewa kwa swichi kuwashwa bila injini, ikasoma kilopaskali (kipimo cha presha) 86. Mwenzangu wa Dar es Salaam anasema imekufa, kwani kwake zote husoma 101, na kwamba hiyo ndiyo inayoharibu hesabu za EGR. Niibadilishe?

JIBU: Usiibadilishe, fundi mwenzangu. Injini ikiwa imezimwa, sensa hiyo haina kingine cha kupima isipokuwa hewa ya mahali ilipo. Dar es Salaam iko usawa wa bahari na hewa yake ina presha ya takriban kilopaskali 101. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na 86 ndiyo hewa yetu halali. Ukiteremka Moshi mjini itasoma karibu 91 au 92, na ukilipandisha gari hilo hilo hadi lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800, itasoma karibu 81. Ningeogopa kama hapa Arusha ingesoma 101.

Mwenzako hata hivyo amegusa jambo la kweli bila kukusudia. Kompyuta za baadhi ya magari hupunguza EGR gari linapopanda mahali penye hewa nyepesi, kwa sababu injini tayari ina upungufu wa oksijeni. Ukipima valvu Marangu ukaikuta haifunguki kama ilivyofunguka Moshi, usiandike kosa. Teremka nayo, injini ikiwa ya moto, upime tena. Na kama gari ni jipya sana, jiridhishe kwanza kwamba sensa yake hutuma volti, maana nyingine siku hizi hutuma mapigo ya kidijitali ambayo testa ya kawaida haiwezi kuyasoma.